Muulize Bi Mwiko: Toleo la Sikukuu Limetushinda

Mwezi huu Bi Mwiko ameziweka kando kesi za mawifi ili awajibu wanaoandaa magazeti ya mapishi ya sikukuu. Wenye magomvi ya mahari wavute subira.

*Shikamoo Bi Mwiko. Tunaandaa toleo maalumu la kuoka kwa ajili ya Idd el-Fitri. Mwenye gazeti anataka tarehe ya sikukuu iandikwe jaladani kwa herufi nene, na mpiga chapa anataka kazi mapema mno. Nifanyeje?*
Mhariri Asiyelala, Kariakoo

Marahaba, mwanangu. Hiyo tarehe mwenye gazeti kaipata wapi, na mwezi haujaandama? Kuna watakaosali Jumatano na majirani zao wakasali Alhamisi, na gazeti lako litakuwa limeshaamua ugomvi usiowahusu. Andika “Sikukuu” na mwaka, inatosha.

Ratiba ya mwaka jana nayo usiikung'ute vumbi ukaitumia tena. Kila mwaka Idd huwahi kwa siku kama 11. Mwaka 2000 iliingia mara mbili, mwanzoni mwa Januari na mwishoni mwa Desemba. Anza kuhesabu kwa mnunuzi. Yeye hutafuta samli na unga wa mchele katika kumi la mwisho la Ramadhani, kwa hiyo gazeti liwe limeshafika kwa muuzaji kabla ya hapo. Ukirudi nyuma siku za uchapaji, uhariri na usanifu, utaona kwamba majaribio ya mapishi na picha vinatakiwa viishe kabla ya mfungo. Ukichelewa, utaoka saa nane mchana mbele ya mpiga picha aliyefunga, na hapatakuwa na wa kuonja. Keki iliyotiwa chumvi badala ya sukari hutoka nzuri sana kwenye picha.

*Bi Mwiko, nimesanifu kurasa 30 na hakuna hata moja ya kutupa. Mpiga chapa anasema nipunguze mbili au niongeze mbili. Hanionei huyu?*
Msanifu Mwenye Hasira, Mombasa

Hakuonei. Chukua karatasi ya daftari, ikunje mara moja, uhesabu: kurasa nne. Gazeti la kubanwa pini katikati huenda kwa nne nne, kwa hiyo ni 28 au 32. Ukimaliza kuhesabu, kamwombe radhi.

Nenda na 32, lakini kurasa hizo mbili usimpe mhariri arefushe neno lake. Ya kwanza iwe jedwali la vipimo. Ya pili vipe vileja, ambavyo nina hakika umevibana pembeni ya tangazo. Kuchanganya unga wa mchele, samli, sukari na iliki hakujawahi kumshinda mtu. Kazi iko kwenye kuvitoa: vikiwa vya moto havishikiki, ukivigusa vinamomonyoka, na mwenye haraka hubaki na trei ya chenga. Weka picha tatu. Moja ionyeshe donge linaloshikamana likifumbatwa kiganjani. Ya pili ionyeshe vileja vikisubiri kuingia motoni. Ya tatu ni kileja kilichopoa kikageuzwa, juu cheupe na chini kimeshika rangi kidogo. Hiyo ya tatu itaokoa samli ya watu.

*Bi Mwiko, nilipiga picha mkate wa kumimina ukiwa umeiva kwa rangi ya dhahabu. Gazeti lilipotoka, mkunjo umepita katikati ya mkate, na dhahabu imekuwa kahawia ya mkate ulioungua. Nimdai nani?*
Mpiga Picha, Unguja

Mkunjo mdai msanifu. Rangi mdaiane wote wawili.

Picha ya kurasa mbili makao yake ni katikati ya gazeti. Katika gazeti la kurasa 32 ni ukurasa wa 16 na 17, maana ni hapo tu ambapo kurasa mbili zinazotazamana ni karatasi moja. Kwingine, nusu mbili za mkate wako huchapwa mbalimbali zikaja kukutanishwa baadaye, na huenda zisielewane. Hata hapo katikati, mkate uegemee upande mmoja, mkunjo upite kwenye kitambaa cha meza. Kitambaa kilichokunjwa hakijawahi kulalamikiwa.

Ama rangi, skrini hutoa mwanga, karatasi hupakwa wino wa rangi nne: samawati, waridi iliyokolea, njano na nyeusi. Mng'ao wa mwanga haumo kwenye wino. Igeuze picha iwe ya rangi nne kabla haijapangwa, uone inavyopoa, urekebishe. Kisha dai prufu kwenye karatasi ya aina ileile itakayochapiwa. Na mara nyingine ukate kipande kimoja ukilaze. Anayejua mkate wa kumimina hatazami juu, anatafuta vitundu ndani, ndivyo vinavyomwambia kwamba hamira imefanya kazi.

*Shikamoo Bi. Shangazi yangu ndiye fundi wa keki hapa Tanga. Mapishi aliyonipa ni haya: unga kiasi, samli ya kutosha, sukari uonavyo, moto wa wastani. Mhariri anataka gramu. Shangazi anasema gramu ni za dukani.*
Mpwa Aliyebanwa

Marahaba. Usimuulize tena, mtu mzima hahojiwi kama mshitakiwa. Pima mfuko wa unga kabla hajaanza, na akishamaliza pima kilichobaki. Samli na sukari vivyo hivyo. Kilichopungua ndicho “kiasi”. Rudia siku nyingine, kisha uandike gramu kwanza na vikombe baadaye, ukitaja kwamba kikombe chako ni cha mililita 250, kwa sababu kuna wanaotumia cha 240 na kuna wanaotumia kile cha kunywea maji.

Mwenye oveni mwambie nyuzi 180. Wa mkaa mwambie makaa mengi juu ya mfuniko, machache chini, na njiti ikichomwa katikati itoke kavu. Viungo vifuatane kama vinavyotumika. Mapishi yasivuke ukurasa, mtu asije akafunua kwa mikono ya samli. Na jina la shangazi likae juu ya lako.

Majibu ya haraka

*Mwanafunzi wa Usanifu, Morogoro:* Picha inayofika ukingoni izidishwe milimita 3 nje ya mstari wa kukatia. Maandishi yarudi ndani, kisu cha kiwandani hakijui kusoma.

*Toleo la Krismasi, Moshi:* Sikukuu yako ni tarehe 25 Desemba kila mwaka. Barua yako ya “tumeshtukizwa” nimeichana.

*Mhariri Mkali, Zanzibar:* Ni kweli visheti na kaimati hukaangwa, na gazeti lako ni la kuoka. Lakini ukitoa toleo la Idd bila visheti, wasomaji hawatakuandikia, watakufuata nyumbani. Wape ukurasa.

*Mwenye Gazeti, Dodoma:* Hapana. Jalada moja halibebi keki, vileja, fanusi, msikiti, vichwa tisa vya habari na picha yako. Chagua kimoja, na kisiwe wewe.