Kwani Huko Juu Ulisahau Nini?

Injini haijapoa, na kwetu Mkokotoni, Unguja, wameshaona. Mwanafunzi mwenzangu wa urubani hapa Nairobi, Mungu amlipe anavyostahiki, alikuwa kasimama na simu yake kando ya banda la ndege. Akarekodi, akarusha. Nafungua mlango nishuke, sauti ya ami inaingia WhatsApp kutoka dikoni: "We mwana, nimeiona ndege yako imegusa chini ikarudi juu. Kwani huko juu ulisahau nini?" Nyuma yake kicheko kitupu. Mnadi wa samaki kaacha kunadi ili aoneshwe tena.

Niwaeleze basi, maana watu wa dikoni wanadhani ndege ina hamu ya kushuka. Haina. Cessna 172, ndege ya viti vinne inayofundishia marubani tangu miaka ya 1950, ina mabawa ya mita 11 kutoka ncha hadi ncha. Ikiwa angani, hewa ya chini ya bawa hutorokea nchani, ikapanda juu ikizunguka, na mzunguko huo huivuta ndege nyuma. Ikishuka karibu na ardhi, chini ya mita hizo 11, ardhi huuzuia mzunguko usijizungushe itakavyo. Kile kilichokuwa kikiivuta kinapungua, na ndege uliyodhani imeshakata tamaa inapata uhai mpya. Unaondoa nguvu ya injini, inaelea. Unaisihi kwa jina la Mtume, inaelea. Michirizi myeupe ya katikati ya njia inapita chini yako mmoja mmoja, na mwisho wa lami unakuja.

Mwalimu anataka ukaribie kwa nodi 65. Mimi nilikuja na 75, kwa ukarimu tu. Sasa, nguvu ya bawa haifuati mwendo hivi hivi, inafuata mraba wa mwendo: zile nodi 10 za ziada zinaliongezea bawa nguvu kwa theluthi nzima. Na hii ni Nairobi, zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari, ambako hewa ni nyepesi. Kipimo kikisoma 65, ndege kwa hakika inakwenda nodi 71 hivi. Mtu aliyekulia usawa wa bahari anaiona ardhi inamjia mbio kama anadaiwa nayo.

Ndege haitaki kushuka, njia inakwisha, nikaisukuma pua chini. Video inaanzia hapo. Gurudumu la mbele likagusa kwanza, likairudisha pua juu. Pua ikipanda, bawa linaikabili hewa kwa pembe kubwa zaidi, na ndege inaondoka tena. Miguu mikuu ya Cessna nayo ni vyuma vinavyopinda na kunyooka, bila kitu cha kuumeza mshindo. Kishindo ulichoshuka nacho unarudishiwa mkononi. Nikasukuma tena, ikaruka tena, juu zaidi. Mwalimu, mtu mpole wa maneno machache, akasema, "Niachie." Akapeleka nguvu yote ya injini, tukapaa upya. Dawa ya ndege inayodunda ndiyo hiyo: ondoka nayo, ukazunguke, uje kwa adabu. Anayeng'ang'ania kuibembeleza pale chini huvunja mguu wa mbele.

Ami hakuridhika. Ikaja sauti ya pili: "Upepo ulikuwa unatoka wapi?" Hapo nilimheshimu, kwa kuwa ndilo swali la kwanza la kila rubani. Ndege hutua ikiukabili upepo, ndiyo maana njia ya uwanja wetu wa Unguja imelazwa kaskazini na kusini. Namba zake, 18 na 36, ni nyuzi za dira zilizoondolewa sifuri ya mwisho. Kaskazi ikivuma unatumia ncha moja, Kusi ikivuma unatumia ya pili. Nahodha yeyote wa Tumbatu angeilaza vivyo hivyo.

Makosa yangu mengine ni madogo. Nilimwamkia mwongoza ndege shikamoo redioni. Akaitikia marahaba, na masafa yote yakaangua kicheko. Siku nyingine nilitua laini kabisa, ila magurudumu ya upande mmoja yalikuwa kwenye nyasi.

Ami ana haki ya kucheka. Saa ninazorukia zimetokana na mashine ya boti yake ya faiba, aliyoiuza. Lisilonichekesha ni namna saa hizo zinavyoliwa. Chuo kinaniuzia saa kwa dola, na kipimo kinaanza kuhesabu injini inapowaka. Kisha tunapanga foleni nyuma ya ndege za watalii wa Maasai Mara, injini inanguruma, magurudumu yamesimama, dola zinakwenda. Kanuni za kimataifa zinataka saa 40 kwa leseni ya mwanzo na 200 kwa ya biashara, nazo huhesabu tangu ndege inaposogea ili iruke hadi inaposimama kabisa. Kwa hiyo foleni nayo imeandikwa kitabuni kwangu kuwa ni urubani. Kwa karatasi mimi ninakaribia kuiva. Kwa magurudumu, mmeona wenyewe. Ami akikuta maji yamekupwa Mkokotoni, hungoja nje mpaka yajae, na hatozwi na mtu. Mimi nikiuliza, naambiwa ndivyo ilivyo kila mahali. Mwenye baba tajiri litampitia hilo. Aliyeuziwa mashine hawezi kulisahau.

Basi wewe mzazi wa Unguja ambaye mwanao kakwambia anataka kurusha ndege, ukienda chuoni usianze na bei ya saa. Uliza kipimo kinaanza kuhesabu lini. Uliza foleni ikoje. Kisha uliza, kwa saa moja uliyoilipia, mwanao atatua mara ngapi. Jibu la swali hilo la mwisho ndiyo bei yenyewe.