Kilebu Analia, Nyumba Nzima Macho

Hongera. Umeletewa mtoto wa mbwa ndani ya boksi la sabuni lililotobolewa matundu kwa bisibisi, na tangu saa kumi jioni nyumba nzima imemzunguka kumtazama. Amekunywa maji, amekojoa kwenye zulia la wageni, amesinzia juu ya kiatu cha baba. Watoto wameshampa jina la Simba, na hapa Arusha ukisimama katikati ya mtaa wowote ukaita Simba, watakuja watatu. Kila mtu anacheka. Saa nne usiku taa zinazimwa, mlango wa nyuma unapigwa komeo, na mwongozo huu ndipo unapoanza kazi.

Mlio wa kwanza ni mdogo, kama bawaba iliyokosa mafuta. Wa pili unakuja kuutafuta wa kwanza. Ikifika saa tano anaitoa ile sauti ndefu inayopanda, inakatikia juu na kuanza tena chini, na mbwa wote kuanzia Sakina hadi Ngaramtoni wanamwitikia.

Kabla hujavaa ndala, jiandae kupokea washauri, kwa maana kilio cha mtoto wa mbwa huwatoa watu vitandani kuliko mpira wa fainali. Baba atasema kutoka chumbani, bila kufumbua macho, kwamba tumemleta alinde nyumba, aachwe nje, atazoea. Kijana wa kidato cha tatu atapendekeza apewe nusu kidonge cha mafua alale. Bibi atakaa kitandani, atafunga kanga vizuri, na kusema kwamba mbwa akilia usiku ni uchuro, kuna mtu anakwenda kufa.

Anza na bibi, kwa sababu ndiye mkubwa na ndiye aliyekaribia ukweli. Mwambie kwa adabu: “Bibi, huyu hatabiri msiba. Msiba wake umeshatokea leo saa tisa alasiri, alipotolewa kwa mama yake.”

Neno hilo lielewe na wewe, kwani ndilo mwongozo mzima. Mtoto wa mbwa huzaliwa macho yamefumba na masikio yameziba, na katika wiki mbili za mwanzo mwili wake haujui hata kujitengenezea joto la kutosha. Joto lake ni mama na ndugu zake, wamelala wakipandiana kama viazi guniani. Wiki nane amelala hivyo, mchana na usiku. Hajawahi kulala peke yake hata mara moja. Alipopotea hatua mbili kutoka kwenye lundo, alilia, na mama akaja. Sasa analia kwenye veranda ya sementi, mwezi wa Julai, katika baridi ile inayotuvalisha masweta ndani ya nyumba, na anashangaa kwamba sheria ya dunia aliyoijua imeacha kufanya kazi. Huyu hana kiburi wala hakujaribu. Anaita.

Basi nenda.

Tafuta boksi au beseni ambalo anaweza kujinyoosha lakini hawezi kutembeatembea. Tandika gunia chini, juu yake kanga kuukuu. Kanga hiyo ungeipeleka jana kwa aliyekupa mbwa, ukaomba ilaliwe na mama yake usiku mmoja. Kama hukufanya hivyo, kesho mtume mtu. Harufu ya mama itakusaidia kuliko maneno yote ya kubembeleza unayoyajua. Chukua chupa ya plastiki, tia maji ya uvuguvugu, yasiwe ya moto, ifunge barabara, ivishe soksi ya sufu na uilaze ubavuni mwake, upande mmoja tu, ili akiona joto limezidi aweze kusogea. Kisha weka boksi hilo kando ya kitanda chako.

Ndiyo, chumbani. Shusha mkono, uache vidole vining'inie ndani ya boksi. Usimchezeshe, usimpapase, usimsimulie habari za kesho. Mkono ukae tu. Atalia kidogo, atanusa, atazunguka mara mbili, ataweka kidevu juu ya kidole chako cha shahada, na utasikia ile pumzi ndefu inayotoka puani kama ya mtu aliyetua ndoo ya maji. Mimi sijui sauti nyingine ya usiku iliyo tamu kama hiyo.

Najua zipo nyumba ambazo mbwa haingii ndani, na sababu yake naiheshimu. Waislamu wengi wa kwetu hufuata madhehebu ya Shafii, mate ya mbwa kwao ni najisi, na chombo alichoramba huoshwa mara saba, moja kwa udongo. Hapo huna haja ya kugombana na dini ya mtu. Chukua mkeka, blanketi na chandarua, ukalale wewe barazani, karibu na boksi lake, ukiwa na nguo uliyoitenga kwa kazi hiyo. Si lazima mbwa aje ulipo. Lazima ni asikie kuna mtu anapumua karibu naye.

Baba naye ajibiwe, na ajibiwe kwa hoja, kwa sababu anasema jambo ambalo nchi nzima inaliamini: kwamba mbwa akidekezwa hawi mkali. Wataalamu wawili wa Marekani, John Paul Scott na John Fuller, walifanya kazi miaka mingi na watoto wa mbwa huko Bar Harbor, jimbo la Maine, wakaandika kitabu chao mwaka 1965. Walionyesha kwamba kati ya wiki ya 3 na ya 12 mtoto wa mbwa ndipo anapojifunza nani ni wa kwao. Sasa hesabu. Umempokea wa wiki nane. Zimebaki nne. Ukizitumia kumtupa nje alie mpaka akate tamaa, atanyamaza, sikatai. Ila atakuwa amejifunza kwamba watu wa nyumba hii hawaji. Mbwa wa namna hiyo humbwekea mwizi, mgeni, paka, upepo na mwezi kwa sauti ileile, na baada ya miezi miwili nyumba nzima mnajifunza kulala huku anabweka. Hapo mnakuwa mmefuga kelele. Mlinzi ni yule ambaye akibweka, mtu anaamka.

Nasema hivi kwa uchungu. Mbwa wetu wa kwanza nilipokuwa mdogo aliachwa nje tangu usiku wa kwanza. Alilia siku nne. Ya tano alinyamaza na sisi tukafurahi. Tangu siku hiyo mpaka anakufa hakuna aliyeweza kumgusa shingoni bila yeye kujikunja na kukojoa, na alimng'ata mtoto wa jirani aliyeinama kumwokotea mpira. Mbwa mwoga ndiye anayeng'ata. Bado namkumbuka.

Kijana wa kidato cha tatu jibu lake ni fupi: hapana. Dawa ya binadamu isitoke kwenye kabati kwenda kwa mbwa bila daktari wa mifugo kusema. Dawa za maumivu ambazo sisi tunameza kama karanga, ibuprofeni na parasetamoli, zinaweza kumuua mbwa. Na maziwa ya ng'ombe aliyoyamimina kwenye kisosi kwa huruma humfanya mtoto wa mbwa aharishe, na mtoto anayeharisha halali, wala wewe hulali.

Sasa twende kwenye mkojo, maana hapa ndipo wengi wanapoharibu. Wafugaji wana hesabu yao ya kukisia: chukua umri wake kwa miezi, ongeza moja, hizo ndizo saa anazoweza kujizuia. Wa miezi miwili ana saa tatu. Kwa hiyo akikojoa saa nne usiku, ataamka saa saba, halafu saa kumi alfajiri. Weka kengele ya simu dakika chache kabla, umtoe yeye akiwa bado kimya. Jambo hili dogo lina maana kubwa: ukimtoa kabla hajalia, hajifunzi kwamba kelele ndiyo ufunguo wa mlango. Mbebe, usimwache atembee, kwa kuwa akipiga hatua kumi amekwisha kukojoa kwenye korido. Mpeleke sehemu ileile ya majani kila usiku, ndani ya ua wako, ambapo mbwa wa kupita hawafiki, kwa sababu hajamaliza chanjo na ugonjwa wa parvo hubaki kwenye udongo kwa miezi. Simama kimya. Usiwashe taa kubwa. Akimaliza, mwambie neno moja zuri kwa sauti ya chini, mbebe, mrudishe. Katika safari hiyo ya saa saba utasikia moyo wake ukidunda kwenye kiganja chako, haraka haraka kama cherehani, na tumbo lake lina joto la chapati iliyofunikwa. Usiku mwingine Mlima Meru unaonekana wote. Hayo ndiyo malipo.

Utajuaje kilio cha mkojo na kilio cha upweke? Cha upweke ni kirefu, kinapanda na kusikiliza, kinapanda na kusikiliza. Cha mkojo ni kifupi, kimevunjikavunjika, na mwenyewe hatulii, ananusa pembe za boksi, anazunguka. Kiko na cha tatu, na hicho hakitulizwi kwa mkono wala chupa: analia hata ukimpakata, tumbo limevimba kama ngoma, au anaharisha, au anakataa chakula. Watoto wa mbwa wengi huzaliwa na minyoo tayari, huipata kwa mama wakiwa tumboni na tena katika maziwa, ndiyo maana dawa ya minyoo huanza wakiwa na wiki mbili tu. Mgeuze pia uangalie kwapani na kinenani. Viroboto wakiwa wengi hakuna kiumbe anayelala. Ila usimwogeshe kwa dawa ya kuogeshea ng'ombe. Nimeona watu wakifanya hivyo kwa nia njema kabisa na asubuhi wakachimba kaburi. Mpeleke kwa daktari wa mifugo, na ukiwa hapo uliza tarehe ya chanjo ya kichaa cha mbwa, ambayo kwa kawaida hutolewa akitimiza miezi mitatu.

Mchana nao una mkono wake katika usiku. Mtoto wa umri huu hulala saa kumi na nane hadi ishirini kwa siku, na watoto wa nyumbani wasipompa nafasi ya kulala mchana, jioni atakuwa kama mtoto wa binadamu aliyekosa usingizi kwenye harusi: mchovu na mkorofi. Chakula cha mwisho kiwe saa moja jioni. Acheze baada ya hapo, arukeruke, ararue soksi, kisha nusu saa ya mwisho iwe ya utulivu.

Usiku wa tano au wa sita, akianza kulala vipindi vizima, sogeza boksi shubiri chache kuelekea mlangoni. Kesho yake tena. Akilia, umekwenda mbio, rudi ulikokuwa jana. Sisi ilituchukua wiki tatu kutoka kitandani kwangu hadi koridoni, kutoka koridoni hadi veranda, na kutoka veranda hadi kwenye banda ambalo fundi alilinyanyua juu ya matofali na kulielekeza mlango upande usio na upepo. Kanga ilihamia naye, haikufuliwa. Hakufungwa mnyororo hata siku moja. Wiki ya nne jirani alinisimamisha dukani, akauliza kwa upole kama mbwa wetu alikufa.

Novemba iliyofuata, usiku wa mvua, Simba alibweka mara tatu. Baba ndiye aliyetangulia kuamka. Tulipofika uani mtu alikuwa juu ya ukuta, mguu mmoja ndani, na Simba chini yake hatingishiki. Mtu akarudisha mguu. Tukasikia nyayo zikikimbia kwenye matope, halafu kimya. Simba akamtazama baba, akanusa ndala zake, akarudi kwenye kanga yake, akazunguka mara mbili, akalala kabla hatujazima tochi.