Bati au Faiba?

Siku niliyojua kwamba gari langu limekwisha ni siku nilipokanyaga klachi, sakafu ikafunguka, na kandambili yangu ikabaki kwenye barabara ya Pangani. Mke wangu aliyekaa pembeni akauliza kwa upole, "Baba watoto, hivi tumepanda gari au tunatembea?"

Gari lenyewe ni Land Cruiser fupi ya 1978, ile FJ40 ambayo Toyota walianza kuitengeneza mwaka 1960 wakaiacha 1984. Injini yake haina neno. Ugonjwa ni bodi. Hapa Tongoni upepo wa bahari haupigi hodi. Unaingia na chumvi yake, unakaa kwenye mikunjo ya bati, chini ya mazulia na ndani ya milango. Ukisikia mkwaruzo usiku wa manane usimsingizie panya. Ni kutu inakula daku.

Nikalipeleka Tanga mjini kwa fundi bodi. Akachukua nyundo, akaligonga kuanzia mbele hadi nyuma. Mara tatu likalia "ting", mara saba likalia "pwaa".

"Mwalimu," akasema, "palipolia pwaa ni puti tupu. Wewe huna gari, una ukuta uliopigwa lipu."

Shauri lake lilikuwa kukata vyote vilivyooza, kuchomelea shiti mpya ya milimita moja, kisha praima na rangi. Chuma kikipondeka, alisema, kinanyooshwa. Faiba ikigongwa inapasuka kama chungu. Alipotaja bei nikashukuru kwamba nilikuwa nimekaa.

Niliporudi kijijini nikapita ufukweni kwa fundi anayeziba boti za faiba. Naye akaniuliza swali moja tu: "Mwalimu, umewahi kuona boti ya faiba imeshika kutu? Na inalala majini."

Hoja hiyo ilininyima usingizi. Nikaanza kusoma. Kumbe Wamarekani wanaunda Chevrolet Corvette kwa bodi ya faiba tangu 1953, na Trabant ya Ujerumani Mashariki ilivalishwa plastiki iliyokandwa na mabaki ya pamba. Nikaruka kitandani. Kama Wajerumani walitumia pamba, sisi watu wa Tanga tushindwe na katani? Mkonge tunao tangu 1893, Richard Hindorf alipouleta na miche 62 tu ikafika hai. Asubuhi nikamwendea fundi boti na wazo langu. Akanitazama kama unavyomtazama mtoto anayetaka kuoa.

"Mwalimu, katani ni ya kamba. Wewe lete nyuzi za kioo."

Nikaamua kuwaridhisha wote wawili: nyuma bati, madigadi ya mbele faiba. Mtu anayekwepa kuchagua hulipa mafundi wawili, lakini hilo nililijua baadaye.

Fundi boti aliniachia kazi moja, kuchanganya gundi na dawa yake ya kugandisha. Alisema niweke kidogo, hasa kwa kuwa ulikuwa mwezi wa Februari na joto la kaskazi lilikuwa limekomaa. Mimi jikoni nimezoea kwamba kiungo kikizidi pilau hunoga. Nikazidisha. Kopo likapata moto mkononi, likafuka moshi, na kabla sijapata pa kulitupa gundi ikawa jiwe, brashi imesimama wima katikati. Wanaoyajua magofu yetu wataelewa: lilikuwa kaburi la nguzo, limepungukiwa maandishi tu.

Ikafuata kupiga msasa. Vumbi la nyuzi za kioo ni upupu uliosoma shule. Nilivua shati, likafuliwa pamoja na kanga za mama watoto, na kesho yake nyumba nzima tulikuwa tunajikuna, pamoja na shemeji aliyekuja kutusalimia. Hajarudi tena. Kila shari na heri yake.

Madigadi yakafungwa, yanang'aa. Nikawasha indiketa ya kulia: indiketa kimya, taa za dashibodi ndizo zikaanza kukonyeza. Nikawasha ya kushoto, zikakonyeza tena. Fundi umeme alipomaliza kucheka akanieleza kwamba kwenye gari la chuma bodi yenyewe ndiyo njia ya umeme kurudi kwenye betri. Faiba haipitishi umeme. Indiketa za gari hili zimekaa juu ya madigadi, kwa hiyo kila moja ilihitaji waya wake wa ethi. Nikalipa fundi wa tatu.

Siku ya kufunga bodi ya nyuma, kijana wa gereji aliingia uvunguni kutafuta nati iliyodondoka. Akatoka na nati mkono mmoja, na mkono wa pili kipande cha chesisi kikubwa kama mkate wa kumimina. Miezi mitatu tulikuwa tumebishania nguo ya mgonjwa, mifupa hakuna aliyeigusa.

Jirani yangu mzee alikuja kunipa pole. Akanikumbusha kwamba mwaka 1498 jahazi moja la msafara wa Vasco da Gama, São Rafael, lilikwama kwenye miamba ya hapa kwetu, enzi hizo pakiitwa Mtangata. Waliporudi mwanzoni mwa 1499, kiseyeye kimewamaliza mabaharia na watu wa kuliendesha hawatoshi, wakahamisha mizigo na kulichoma moto.

"Unaona, Mwalimu?" akasema. "Mreno hakupaka puti."

Mimi sikuchoma. Gari liko juu ya mawe, chesisi inachomelewa, na mimi na mke wangu tunapanda basi kwenda mjini. Ukiniuliza leo bati au faiba, nitakujibu hivi: sehemu inayobeba watu na mizigo weka bati, na ulioshe kwa maji baridi kila ukitoka pwani, sehemu ya kuzuia matope faiba inatosha, mradi usisahau waya wa ethi. Lakini kabla ya kumwita fundi yeyote, tandika mkeka, lala chini ya gari na bisibisi mkononi, ugongegonge chesisi. Bisibisi ikizama, nauli ya basi si ghali.