Goli na Ubao wa Matokeo wa Evanston

Tarehe 25 Septemba 1982, Evanston, Illinois, uwanja wa Dyche. Wenyeji, Chuo Kikuu cha Northwestern, wanacheza na Northern Illinois ule mpira wa Kimarekani, wa kukumbatia na kuangushana. Robo ya mwisho inayoyoma.

GOLI: Shikamoo, mzee Ubao.

UBAO: Marahaba, kijana. Bado hujang'olewa?

GOLI: Ning'olewe kwa lipi? Goli hung'olewa timu ikishinda, na hawa hawajashinda tangu walipowafunga Wyoming, Septemba 1979.

UBAO: Nani kakudanganya? Mwaka jana, tarehe 7 Novemba, Michigan State waliwapiga 61 kwa 14. Kipigo cha 29 mfululizo, rekodi ya vyuo vikubwa. Wanafunzi wakamiminika uwanjani wakiimba kwamba wao ndio wabovu kuliko wote, wakamng'oa mwenzako kwa shangwe.

GOLI: Walishangilia kufungwa?

UBAO: Walishangilia kuwa wa kwanza. Watoto hawa wameongoza darasani tangu chekechea. Ukiwanyima kilele, watakigeuza juu chini wakikalie. Wageni wakiwazomea, wanawaimbia kwamba si neno, kesho mtakuja kutuomba kazi.

GOLI: Na wale wanaolazwa majanini, nao huimba?

UBAO: Kwa pumzi ipi? Msimu ule mechi zilikuwa 11. Waliruhusu pointi 505, wakapata 82. Iowa 64 kwa 0, Ohio State 70 kwa 6. Mechi tano hawakuambulia kitu. Fundi alikuja kukagua taa zangu za upande wa wenyeji akidhani zimeungua. Hata binamu yangu kule njiani, kibao cha barabara kuu namba 94, alichorwa ubavuni: Northwestern 0.

GOLI: Hapakuwa na kocha?

UBAO: Alikuwepo, Dennis Green, naye yupo hadi leo. Kocha mkuu wa kwanza Mweusi katika ligi ya Big Ten. Wakubwa wana ukarimu wao: walimkabidhi usukani ngalawa ikiwa imeshajaa maji, kisha wakakaa kumtazama kama anajua kupiga kasia. Mechi yake ya kwanza alifungwa na Indiana 21 kwa 20. Pointi moja! Hiyo ndiyo iliyoniuma, si zile 70.

GOLI: Mzee, samahani. Mbona leo unaonyesha 31 kwa 6, na 31 ziko upande wetu?

UBAO: Nami nimejikagua mara mbili. Vipigo 34, leo vinakoma.

GOLI: Yaani wakifungwa wanang'oa, na wakishinda wanang'oa?

UBAO: Ungeombea sare. Ya mwisho ilikuwa 1978, 0 kwa 0 na Illinois.

GOLI: Kipenga hicho! Wanashuka majukwaani, mzee. Mbona wananyoosha vidole mashariki?

UBAO: Huko liko Ziwa Michigan. Unajua kuogelea?

GOLI: Mimi ni chuma, mzee!