Kisichotoka Kwenye Itemu Hakipo

Bwana Prefe, papa na mama wazazi, wafinalisti wapendwa wa Bio-Chimie: kaeni. Waliokosa viti wasimame tu. Molekuli za gesi nazo hazina viti, na sijawahi kuzisikia zikilalamika.

Najitambulisha mwenyewe, kwa kuwa mwenyekiti ametaja jina langu kavu kavu, kana kwamba jina linatosha. Mimi ndiye Mtaalamu wa Kwanza wa Itemu za Kemia katika Lualaba nzima. Cheo hiki nimekipata baada ya kutafuta mpinzani kuanzia Manika hadi Dilala nisimwone. Cheti chake nimekiandika kwa mkono wangu, kwa sababu hapakuwa na mwingine mwenye hadhi ya kukitia sahihi.

Mtihani wa Serikali, huu tunaouita Exetat, na maswali yake itemu, ulianzishwa mwaka 1967. Tangu hapo vizazi vya Wakongo vimeuingia vikitetemeka. Kosa lao lilikuwa moja: walijaribu kuelewa. Kanuni yangu iandikeni kwa biki nyekundu. Kisichotoka kwenye itemu hakipo.

Chukueni mji wenu huu. Kolwezi ni mji wa kumchanganya mtahiniwa. Mtoto anatoka nyumbani alfajiri, na kabla hajafika shuleni amekwisha kupishana na malori ya asidi ya salfuriki yanayotoka upande wa Zambia, amepita chini ya mlima wa udongo uliotapikwa na mgodi, ameokota jiwe la kijani la malakiti akalitumbukiza kwenye mfuko wa sare. Huyo anaingia darasani akili imeshachafuka. Ataanza kudhani kemia ni kitu kinachotokea. Kemia, wanangu, haitokei. Kemia inaulizwa.

Yapo hata madini yaitwayo kolweziti, ndugu wa malakiti, yenye shaba na kobalti ndani yake, yaliyopewa jina la mji huu wenyewe mwaka 1980. Nimepekua itemu zote za kabatini kwangu. Hayajatoka hata siku moja. Basi hayapo, na anayeyataka ayafuate kwenye makumbusho ya Ulaya, wenzetu huko wana nafasi.

Nije kwa wakubwa wa somo, maana kuna walimu wanaowasifia bila kuwachunguza. Lavoisier, mnayefundishwa kwamba alipima kila kitu kabla na baada, alikatwa kichwa Paris mwaka 1794. Sisemi ni kwa ajili ya kemia. Nasema tu kwamba haikumsaidia. Mendeleev ndiye mbaya zaidi. Mwaka 1869 alipanga elementi kwenye jedwali lake, akaacha nafasi wazi, akadai kwamba wenyewe wa nafasi hizo watakuja baadaye. Galiamu ilipoonekana mwaka 1875 dunia nzima ikapiga makofi. Mimi sikupiga. Nafasi wazi kwenye karatasi ya majibu ni sifuri, na mzee yule hapa Kolwezi angerudia darasa la sita. Msimwige. Usipolijua jibu, tia alama popote, kwa mkono usiotetemeka.

Jirani naye msimwige. Itemu zinachapishwa kwa seria tofauti, kwa hiyo alama aliyoitia mwenzako inawezekana ni ya swali ambalo wewe hukuletewa. Nimeona vijana wakinakili kwa uaminifu wa kutoa machozi majibu sahihi ya mtihani wa mtu mwingine.

Sasa maki. Najua mnavyokusanyika nyumba moja siku chache kabla ya mtihani, magodoro chini, bukari moja ya watu kumi, na mishumaa. Kuna mkorofi aliniuliza juzi: Papa Profesa, kwa nini mishumaa, wakati mji huu ndiko inakoishia ile laini ya umeme kutoka Inga, kilomita 1,700, iliyokamilika mwaka 1982? Na bwawa la Nzilo si lipo hapo jirani, juu ya mto wetu wa Lualaba? Nilimjibu hivi. Umeme ule una kazi. Unaingia kwenye matangi ya viwanda, unaivuta shaba kutoka kwenye maji ya buluu hadi ishike kwenye bamba la kathodi, safi kwa asilimia 99.99. Ninyi mna asilimia ngapi? Mkifika 50 mnacheza ngoma barabarani. Umeme si mjinga, unajua pa kwenda.

Na kwa kuwa nimetaja kathodi, tufanye itemu moja hapa hapa. Mkondo wa ampea 10 unapita kwenye maji ya salfati ya shaba. Itachukua muda gani kupata gramu 63.5 za shaba? Asiye na mbinu angeanza kuandika mlingano. Mbinu yangu: ukiona 63.5 ujue ni moli moja, kamata 96,500 ya Faraday, gawa kwa 10, unapata sekunde 9,650. Saa mbili na dakika arobaini. Maharagwe hayajaiva, wewe umeshamaliza.

Naam, wewe binti wa mbele. Sema kwa sauti. Anasema ioni ya shaba ina chaji mbili, kila atomu inadai elektroni mbili, kwa hiyo coulomb ni 193,000, na muda ni sekunde 19,300, yaani saa tano na dakika ishirini na mbili hivi. Vizuri. Jibu langu lilikuwa nusu ya kwanza. Nusu ya pili nilikuwa nimewawekea kazi ya nyumbani, na huyu ameifanya bila ruhusa. Kaa chini, mwanangu.

Hakai. Haya, tumsikilize, wazazi wasije wakasema nawaogopa watoto. Anasema alilitwanga jiwe la malakiti kwa jiwe jingine mpaka likawa unga, akautia kwenye glasi, akakamulia ndimu. Povu dogo likapanda, kwa sababu asidi ilikuwa inatoa kaboni dayoksaidi kwenye jiwe. Maji yakageuka kijani-buluu. Usiku akatumbukiza msumari aliousugua kwa mchanga, asubuhi akautoa umevaa koti jekundu la shaba. Msumari anao hapa, umefungwa kwenye karatasi ya daftari. Leteni niuone.

Ni mwekundu kweli. Nusu ya chini, ile iliyozama, imekuwa nyekundu, na ukiukwaruza kwa ukucha unatoka ungaunga, ndani chuma kile kile. Wazazi, msipige makofi. Namuuliza swali moja tu: msumari huu ni wa seria gani? Mnaona, ananyamaza. Ametumia usiku mzima kujua kwamba chuma kinaipokonya shaba nafasi yake kwenye myeyusho, wakati mwenzake aliyekariri silabusi yangu alilala mapema.

Sasa analeta na habari za mababu. Ati wahunzi wa Wasanga, karne nyingi kabla ya kampuni ya Union Minière kuanzishwa mwaka 1906, walikuwa wakilichoma jiwe hili hili kwa makala kwenye tanuru la udongo huku wakivuta mivukuto. Kaboni ikichukua oksijeni, shaba ikibaki. Ati ndipo vikatoka vile vimsalaba vya shaba vilivyotumika kama pesa, ambavyo vimefukuliwa kwenye makaburi ya Sanga, huko kwenye ziwa Kisale. Simkatalii. Lakini wahunzi hao walikuwa na Diploma ya Serikali? Hawakuwa nayo. Walipata shaba bila diploma, na hilo kiutaratibu ni kosa.

Binti ana la mwisho, na hili sikulipenda. Anakumbusha kwamba Februari 2019 lori la asidi liligongana na magari mengine kwenye barabara ya Lubumbashi na Kolwezi, watu wapatao 20 wakafa, wengine wakaungua. Anauliza asidi ikimwagikia mtu inasafishwa kwa nini, ikiingia mtoni inatulizwa kwa nini, na kwa nini watoto wanaopishana na malori hayo kila siku hawafundishwi.

Hiyo, mwanangu, ni habari ya redio. Si itemu. Asidi na besi zimo kwenye silabusi yangu, ukurasa wa 14, ila pale zinakutana ndani ya bika, si barabarani. Bika yenyewe, kwa kuwa shule haina, nimeichora. Ni mchoro mzuri, una kivuli. Anayesema ataosha kwa maji mengi, maji mengi kabisa, kisha kwenye udongo amwage chokaa, asithubutu kuyaandika hayo mbele ya msahihishaji. Naona mama mmoja ameyaandika. Mama, hayo hayaulizwi.

Nani amesema kaka yake anayachimba mawe ya malakiti na kontwari ya wanunuzi inamwambia kila siku kwamba asilimia ya shaba ni ndogo? Wewe tena? Ati amekokotoa kwamba malakiti tupu ina shaba asilimia 57, na anataka kwenda na kaka yake kukisoma kile kimashine cha kontwari cha kupimia asilimia. Usiende. Kimashine kina skrini, na chenye skrini hakikosei. Zaidi ya hapo, wanunuzi wakianza kukutana na wachimbaji wanaojua kupiga hesabu za moli, uchumi wa mkoa utasimama.

Muda umekwisha. Silabusi ni dola tano, pamoja na biki iliyoombewa. Mtakaofaulu, poda ya kumwagiwa kichwani siku matokeo yakitoka inalipiwa leo leo, kwa kuwa siku hiyo dukani itapanda bei. Asiyefaulu poda yake hairudishwi, imeshaingia kwenye mahesabu. Noti iliyochanika hata kidogo siipokei, wala yenye wino, wala ya zamani. Faranga nazipokea kwa bei yangu.

Umeme umekatika? Sawa. Mwenye simu yenye chaji asogee hapa mezani anipigie tochi nihesabu. Si wewe binti, wewe kaa na msumari wako.