Namna ya Kumtisha Mtazamaji wa Garissa Kabla Jina la Filamu Halijatokea

Anza kwa kuondoa radi. Mwongozaji aliyetoka Nairobi na kamera ya kukodi hukimbilia huko kila mara: usiku wa manane, mvua kubwa, umeme unamulika mlango wa nyumba iliyohamwa. Mpelekee onyesho hilo mtazamaji wa Garissa uone. Mvua ikianza kwenye skrini, watu watashukuru Mungu, na wazee watauliza imenyesha upande gani ili ngamia wahamishiwe huko. Huwezi kumtisha mtu kwa kumpa kitu anachokiombea dua.

Ukishaondoa radi, ondoa bunduki. Hili nalisema kwa msisitizo, maana wenye fedha za kugharamia filamu wakisikia jina la Garissa huomba magaidi hata kabla ya chai kumiminwa. Alfajiri ya 2 Aprili 2015 watu 148 waliuawa Chuo Kikuu cha Garissa, wengi wao wanafunzi. Huko Wajir kuna mauaji ya Wagalla, Februari 1984. Hayo yana wazazi, wajane na mayatima wanaoishi nayo hadi leo. Anayetaka kuyasimulia akae na familia hizo, aombe ruhusa yao, atengeneze filamu ya kumbukumbu yenye heshima. Hofu ya kutungwa ina raha yake kwa sababu mtazamaji ana hakika atarudi kwake salama. Ukimvunjia hakika hiyo umemwonea.

Sasa washa jua. The Exorcist ya mwaka 1973 inaanzia kaskazini mwa Iraki mchana kweupe: mafundi wanachimbua magofu, vumbi linapaa, padri mzee anatazama kitu kidogo kilichotoka ardhini. Hakuna anayepiga kelele, lakini tumbo la mtazamaji limeshaanza kukaza. The Shining ya 1980 nayo inaanza na gari dogo likipanda barabara ya milimani, limepigwa picha kutoka juu kana kwamba kuna mtu anayelifuata. Wewe wa Garissa una saa nane mchana bure: barabara tupu, maduka yamefungwa kwa joto, punda amesimama na mkokoteni wake bila mwenyewe, na juu ya miti wale korongo wakubwa wenye vipara, marabu, wakitazama chini. Waache watazame kwa muda mrefu kuliko unavyodhani inafaa.

Lakini kiini cha kazi ni hiki. Mwongozaji Hitchcock alimweleza mwenzake Truffaut kwamba bomu likilipuka ghafla chini ya meza, mtazamaji anashtuka mara moja, basi. Mwonyeshe bomu kwanza, kisha waache watu waendelee na maongezi yao mezani, naye atahangaika hadi mwisho. Hiyo ndiyo taharuki: mtazamaji anajua, mhusika hajui. Ukiwa Garissa, huna haja ya bomu. Unahitaji kijiti.

Wasomali wana simulizi za Qori Ismaris, mtu anayejisugua kwa kijiti jua linapozama akageuka fisi, na kabla ya mapambazuko akajisugua tena akarudi kuwa mtu. Bibi zetu waliposimulia hawakuanzia kwenye meno. Walianzia kwa mgeni. Fuata utaratibu wao.

Boma la miiba upande wa Balambala, jua limebakiza kidogo. Kwa sekunde chache tu tuonyeshe mwanamume nyuma ya kichaka akifuta kijiti kwa uangalifu na kukificha kwenye mkunjo wa kikoi chake. Kisha usikionyeshe tena. Anafika langoni, mzee nadhifu, sauti ya upole, anatoa salamu. Hapo una hazina ambayo Hollywood haina. Scream ya 1996 ilijenga mwanzo wake kwa maongezi ya simu yaliyoanza kama utani yakaishia kwenye kifo. Wewe una salamu za wafugaji. Anaulizwa habari za nyumbani, za watoto, za ngamia, za malisho, za kisima, za barabara aliyopita, na kila swali anajibu taratibu, huku jua linashuka. Usizikate salamu hizo hata neno moja! Kila jibu la adabu ni dakika imeondoka, na watazamaji wa mtaa wowote wa Garissa wataanza kuongea na skrini wakimwambia mama wa boma asifungue.

Mama atafungua, kwa sababu mgeni hafukuziwi gizani. Hii ndiyo sababu hadithi inauma: kinachomweka mama hatarini ni ukarimu wake. Filamu nyingi za kutisha humwua mtu mjinga, na mjinga hatumlilii.

Kisha mlete mtoto, msichana wa miaka sita, aliyekiona kikoi kimetuna.

"Adeer, hicho kijiti cha nini?"

"Mswaki, adeer."

Mzee anamjibu mtoto kwa jina lilelile la baba mdogo, kama ilivyo desturi, na anatabasamu. Meno yake ni meupe sana. Umemaliza. Kesho yake mtazamaji atamwona jirani akipiga mswaki kibarazani na atavuka barabara.

Garissa iko karibu na ikweta, kwa hiyo giza huingia upesi. Piga picha jioni kadhaa mfululizo, kila jioni kipande, uunganishe. Jua ndilo saa yako. Hakikisha linaonekana nyuma ya bega la mzee kila akijibu.

Kuhusu sauti, waongozaji wengi hujaza fidla zinazokwaruza. Ziondoe. A Quiet Place ya 2018 iliwashika watu pumzi kwa viumbe wanaowinda kwa kusikia, na dunia ikasema ni wazo jipya. Watoto wa Kisomali walishanyamazishwa zamani kwa Dhegdheer, mwanamke mla watu mwenye sikio refu linalosikia hatua za mbali. Kwa hiyo chagua mlio mmoja tu: kengele ya mti shingoni mwa ngamia. Isikike tangu picha ya kwanza, nyuma ya salamu zote, mpaka sikio la mtazamaji liizoee na kuisahau. Mtoto akishauliza swali lake, kengele inyamaze. Usieleze kwa nini.

Fisi mwenyewe asionekane. Papa wa mitambo wa Spielberg aliharibika mara kwa mara walipopiga Jaws, iliyotoka mwaka 1975, ndipo mwanzo wa filamu ukabaki na msichana akivutwa na kitu tusichokiona, na watu wakaogopa kuogelea. Hela uliyotenga kwa fisi wa kompyuta mpe mzee atakayeigiza mgeni, maana yeye ndiye anayebeba onyesho zima. Mtafute miongoni mwa wazee wanaosifika kwa upole, si mwenye sura ya kutisha. Kata picha akiwa bado anasubiri chai, kikombe cha kwanza hakijamfikia, na jina la filamu liingie hapohapo.