Barua ya Wazi kwa Mheshimiwa Anayenunua Sensa

Kwa Mheshimiwa Ofisa Ununuzi wa Mitambo Mizito,
Ofisini kwake, kwenye kiyoyozi,
Dar es Salaam.

YAH: PONGEZI KWA KUAGIZA SENSA YA NNE

Kichwa cha habari hapo juu chahusika.

Mafundi wa Gerezani wanakusalimu, Mheshimiwa. Wauza spea wa Kariakoo wanakusalimu zaidi, na wanakuombea dua usihamishwe kituo.

Kwa kuwa hakuna apendaye kutajwa gazetini, tuseme ni kijiko kimoja tu, hakina jina wala namba, kinachimba mtaro jirani na soko la samaki la Feri, Magogoni. Injini imeishiwa nguvu, mkono unapanda kwa kusuasua, na kwenye dashibodi zimetokea hitilafu tatu za sensa kwa mpigo: presha ya oili, presha ya turbo na presha ya dizeli. Dereva kaandika taarifa, taarifa ikapanda ghorofani. Huko juu neno "sensa" likasomwa mara tatu, zikaagizwa sensa tatu. Zikafungwa, taa ya hitilafu ikabaki palepale. Ndipo ikaagizwa ya nne, ambayo barua hii inaipongeza kwa dhati.

Sensa tatu hazifi siku moja, Mheshimiwa, labda ziwe zimekula sumu pamoja. Kompyuta ya injini huzipelekea sensa za namna hii umeme wa volti 5, na mara nyingi kadhaa kati yao hutegemea njia moja ya umeme. Moja ikipiga shoti, au waya ukichubuka ukagusa bodi, volti zinaporomoka kwa wote, na wasio na hatia wanaandikwa wagonjwa. Dawa ya hapo haiuzwi dukani. Fundi anashika mita, anachomoa soketi moja baada ya nyingine huku jicho liko kwenye namba. Ile ambayo ikitoka tu volti zinarudi, hiyo ndiyo mhalifu. Akizichomoa zote na volti zikagoma kurudi, ajilaze chini ya mashine aufuate waya hatua kwa hatua, hasa pale unapopita karibu na ekzosi au unaposuguana na chuma.

Na waya wa Magogoni una mitihani yake. Ikulu na soko la samaki vinavuta upepo uleule wa bahari, na chumvi haiulizi kitambulisho. Fungua soketi ya kijiko kilichokaa hapo miezi kadhaa, kisha kikaoshwa kwa maji ya presha kila jioni ili mkubwa akipita kionekane kipya: pini zina unga wa kijani, mpira wa kuzuia maji umekatika, tone la maji limetulia ndani. Hapo sensa mpya itasema uongo uleule wa ile ya zamani.

Mashine yenyewe, masikini, ilijieleza. Injini nyingi za mitambo mizito hutumia lugha ya J1939, na humo kila hitilafu huja na namba mbili. Ya kwanza inataja kitu: 100 ni presha ya oili ya injini, 110 ni joto la maji ya kupoza injini. Ya pili inataja namna kilivyoharibika. Ukiona 100 na 1, oili kweli haina presha. Zima injini sasa hivi, maelezo baadaye. Ukiona 100 na 4, volti ya sensa imeshuka kuliko kawaida, na mtuhumiwa wa kwanza ni umeme, ingawa fundi mwenye akili bado atachomoa kijiti cha oili na kufunga geji ya mkono ajiridhishe. Kati ya 1 na 4 kuna tofauti ya injini nzima. Kwenye fomu ya ofisi yako, Mheshimiwa, kuna kisanduku kimoja tu, na dereva alijaza namba ya kwanza.

Kuna pia kipimajoto cha maji ya injini. Kikichomoka soketi, skana mara nyingi huonyesha nyuzi 40 chini ya sifuri. Magogoni, Februari, shati limelowa jasho mgongoni. Hata hapo aliwahi kutokea mtu wa kuagiza kipimajoto kipya.

Ofisi nyingine zimepata njia ya mkato: anaitwa fundi maiko, anabandika rezista badala ya sensa, kompyuta inadanganyika kwamba maji ni ya vuguvugu na taa inazima. Kila mtu anafurahi, mpaka siku maji yanapochemka kweli na hakuna wa kuisimamisha injini.

Lakini tusikuonee. Sensa ina boksi, ina namba, ina hati ya kupokelea; mkaguzi akija anaishika mkononi. Saa tatu za fundi chini ya kijiko hazina boksi. Mfumo wa manunuzi ya umma wa NeST ulioanza kutumika 2023 umeharakisha makaratasi, ila nao unanunua kile ulichoombwa. Tangu Strabag wajenge awamu ya kwanza ya mabasi yaendayo haraka, iliyoanza kubeba abiria Mei 2016 hadi Kivukoni na Gerezani, na Sinohydro wakafuata na njia ya Mbagala, mitaa hii imezoea vijiko. Kilichoadimika ni mtu wa kulipia kipimo.

Basi barua hii inaomba fomu iongezwe kisanduku cha namba ya pili, na chini yake mstari wa malipo ya saa za kupima, hata kama fundi hatabadilisha kitu chochote. Na zabuni ijayo ya mitambo isisainiwe kabla mchoro wa waya na programu ya kupimia havijaandikwa kwenye mkataba; vikiachwa, fundi wa Gerezani atabaki na skana ya jumla inayosoma nusu ya ugonjwa.

Kuhusu sensa ya nne, usihangaike kuirudisha. Risiti yake, kama zilivyo nyingi za Kariakoo, imeandikwa chini: mali ikishauzwa hairudishwi.

Nakala: Dereva wa kijiko, ambaye bado anasubiri majibu.